Simu ya Upepo Kisiwani Pemba: Mwongozo kwa Anayeanza

Simu ya upepo ni redio ya kutuma na kupokea sauti kwa zamu: anayebonyeza kitufe husema, na akikiachia husikiliza. Haina laini, haili vocha, wala haipiti kwenye mnara wa kampuni ya simu. Jambo lake kubwa ni kwamba sauti ya mmoja husikiwa na wote walio kwenye chaneli ile kwa wakati uleule. Nahodha aliyepata shida karibu na kisiwa cha Misali hana haja ya kukumbuka namba ya mtu. Anaita, na kila chombo chenye redio iliyo wazi hapo karibu kinasikia. Kisiwa cha wavuvi, chenye visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza vinavyofikiwa kwa chombo tu, kina haja na kifaa cha namna hiyo kuliko miji mingi mikubwa.

Redio zinazofanana kwa sura hutofautiana kwa kazi na kwa sheria, na anayeanza huona zote ni kitu kimoja. Kuna redio ya baharini, inayofanya kazi kwenye VHF kati ya MHz 156 na 162. Chaneli zake zimepangwa kimataifa, hivyo chaneli 16 ya Wete ndiyo chaneli 16 ya Mombasa na ya Muscat. Kuna redio ya kazi, ile ya walinzi, hoteli, bandari, hospitali na wajenzi, ambayo mwenye shughuli hupewa masafa yake peke yake. Na kuna redio ya ridhaa, ya watu wanaojifunza na kufanya majaribio ya mawasiliano bila malipo. Hawa wa ridhaa hufanya mtihani, hupewa leseni na alama ya kuitia, na hawaruhusiwi kupitisha biashara hewani. Sehemu hii ya dunia hutumia MHz 144 hadi 146 na MHz 430 hadi 440 kwa ridhaa. Alama za Tanzania huanza na 5H, na za Zanzibar kwa kawaida huwa 5H1. Kabla ya Muungano Zanzibar ilikuwa na alama yake, VQ1. Wapenzi wa redio duniani wanaokusanya visiwa wanaijua Pemba kama AF-063, na wapo wanaosafiri kutoka mbali kuja kuita kutoka hapa.

Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo leseni ya redio Pemba hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na inayosimamia pia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mamlaka hiyo ina ofisi Zanzibar. Kabla ya kununua, yafaa kuuliza huko mambo mawili: kama aina ya redio inayokusudiwa imeidhinishwa kutumika nchini, na ni leseni gani inayoifaa kazi yenyewe. Mpangilio huu wa kuuliza kwanza na kununua baadaye huokoa fedha. Redio za bei nafuu kutoka China, kama Baofeng UV-5R, hutuma kwenye masafa mengi mno, yakiwemo ambayo mnunuzi hana haki nayo. Si redio mbaya kwa mwenye leseni ya ridhaa anayejua anachokifanya. Ila mikononi mwa asiyejua, kidole kimoja kikiteleza huingia kwenye mazungumzo ya polisi au ya huduma nyingine, na hapo kisingizio cha kutojua hakisaidii.

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni hili: inafika kilomita ngapi? Maboksi huandikwa namba kubwa, na namba hizo zisitegemewe. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kinachoamua umbali ni urefu wa antena kutoka chini, zaidi sana kuliko wati. Hesabu yake ni nyepesi. Urefu wa antena kwa mita hutafutiwa kipeuo cha pili, kisha huzidishwa kwa 4.1, jawabu ni kilomita za upeo wa antena hiyo. Upeo wa antena ya pili hujumlishwa juu yake. Mvuvi aliyekaa kwenye ngalawa, redio ikiwa mita moja juu ya maji, ana upeo wa kilomita 4. Ngalawa mbili basi husikilizana kwa kilomita 8 hivi, na zaidi ya hapo bahari yenyewe imejipinda katikati yao. Mwenzake aliye pwani akipandisha antena hadi mita 16 juu ya bahari, upeo wa antena ile huwa kilomita 16 na ushei, na jumla hupanda hadi kilomita 20, redio ya mvuvi ikiwa ni ileile na wati zake ni zilezile. Kuongeza nguvu kutoka wati 5 hadi 10 huongeza kidogo sana, na kumaliza betri mapema huongeza kwa hakika.

Nchi kavu hesabu hiyo hupungua. Vilima vya Pemba si virefu, havifiki mita 150, lakini ni vingi, na upande wa magharibi mabonde yake ni ya ghafla. Mtu aliye bondeni katikati ya mikarafuu anaweza kukosa kumsikia mwenzake aliye kilomita mbili nyuma ya kilima, naye akipanda njia ya juu kidogo humpata wa kilomita kumi. Nyumba ya bati hufunga mawimbi pia. Ndiyo maana mzoefu akikosa kusikika hatangulii kubadili redio. Hutoka nje ya bati, huinua redio usawa wa uso antena ikiwa wima, na husogea hatua mbili tatu kulia au kushoto, kwa sababu mjini mawimbi yanayogonga kuta hukutana na kuuana mahali pamoja, na hatua moja pembeni yakawa mazima. Redio iliyopachikwa kiunoni, antena ikiwa imegusa mwili, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa mwenye kuivaa.

Kwa mvuvi na kwa yeyote anayevuka maji, redio ya kuanzia ni ya baharini yenye kuzuia maji. Alama ya kutafuta ni IPX7 au IP67, maana yake ikizama mita moja kwa nusu saa bado huwa nzima. Zipo zinazoelea zikianguka, na tofauti ya bei inastahili kulipwa. Kwa shamba, shule au kikundi cha ulinzi, redio ya kazi iliyowekewa chaneli chache na fundi aliyeruhusiwa ni bora kuliko redio ya vitufe vingi, kwa kuwa mtumiaji hawezi kuiharibu mipangilio. Betri ya akiba ni ya lazima. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33 uliozinduliwa mwaka 2010, na umeme huo ukikatika, wakati huo ndipo redio inapotakiwa zaidi. Kipande cha sola chenye chaja ya volti 12 kinatosha kuziweka hai redio za kikundi kizima.

Kusema kwenye redio ni kazi inayojifunzwa kwa siku moja na kusahauliwa kwa siku mbili isipozoewa. Mtu husikiliza kwanza, kama chaneli ina watu. Redio hushikwa kiasi cha vidole vinne kutoka mdomoni, kitufe hubonyezwa, husubiriwa sekunde moja, ndipo maneno yaanze. Anayeitwa hutajwa kwanza, anayeita hufuata: “Mkoani, Mkoani, hapa Makoongwe, ova.” Sentensi huwa fupi. Namba husomwa tarakimu moja moja, “moja sita” badala ya kumi na sita, kwani katika kelele ya injini kumi na sita hugeuka kumi na saba kwa urahisi. Ujumbe wenye uzito, kama dawa, idadi ya watu au mahali, hurudiwa na mpokeaji neno kwa neno, na aliyetuma huthibitisha. Siri isisemwe hewani. Kila mwenye redio anasikia.

Ripita ni redio isiyoshikwa na mtu, iliyowekwa mahali pa juu, ambayo husikiliza kwenye masafa mamoja na papo hapo hurudia inachokisikia kwenye masafa mengine kwa nguvu zaidi. Wawili waliotenganishwa na kilima hawaonani, lakini wote wawili huiona ripita, na hilo linatosha. Hesabu ya juu inaonyesha thamani yake Pemba. Antena ya ripita ikisimama mita 100 juu ya bahari, mlima na mlingoti pamoja, upeo wake ni kilomita 41. Ukijumlisha kilomita 5 za mtu aliyesimama na redio yake, zinapatikana 46. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi. Kutoka maeneo ya Chake Chake hadi Ras Kigomasha kaskazini ni kilomita 40 na kitu kwa mstari ulionyooka, na kusini ni pafupi zaidi. Mlingoti mmoja mzuri katikati ya kisiwa, kwa hesabu, unakigusa chote na Misali ndani yake. Mabonde yatakula sehemu, na hilo hujulikana kwa kutembea na redio mkononi na kuandika kwenye daftari wapi panasikika na wapi hapasikiki.

Ili redio ya mkononi itumie ripita, mambo matatu huingizwa ndani yake. La kwanza ni masafa ambayo ripita hutumia kusema, ambayo redio huyasikiliza. La pili ni tofauti ya masafa ya kutuma. Kwenye bendi ya ridhaa ya MHz 144 hadi 146 tofauti ya kawaida ni kHz 600 kwenda chini. Ripita inayosema kwenye 145.600, kwa mfano, husikiliza kwenye 145.000, na redio hupangwa ishuke yenyewe kila kitufe kinapobonyezwa. La tatu ni toni, mlio wa chini ambao redio huuchuja usisikike, kwa mfano wa Hz 88.5, unaosafiri pamoja na sauti na kuifungua ripita. Wengi wanaokwama, wanaisikia ripita lakini yenyewe haiwajibu, na mara nyingi kilichokosekana ni toni hiyo. Kwa upande mwingine, toni si ufunguo wa siri. Kazi yake ni kuzuia mawimbi ya mbali yasiifungue ripita ovyo, na kwenye pwani hii mawimbi ya mbali ni jambo la kweli. Siku za maleleji, bahari ikiwa shwari na hewa ya joto ikilalia hewa baridi zaidi iliyo juu ya maji, mawimbi ya VHF hunaswa katikati yake na kwenda mamia ya kilomita. Redio ambayo kwa kawaida haivuki mkondo wa Pemba inaweza siku hiyo kusikika ng'ambo, Kenya au Tanzania Bara. Inafurahisha, ila haitegemewi.

Kupitia ripita, sekunde ile moja ya kusubiri baada ya kubonyeza kitufe ni ya lazima, kwa sababu mtambo huchelewa kidogo kuamka na hukata neno la kwanza. Mazungumzo huachiwa nafasi katikati ili mwenye dharura aingie. Ripita nyingi zina saa ya ndani inayomkata msemaji asiyenyamaza, na yenye kuendeshwa vizuri haihitaji kufika huko.

Mwenye leseni ya ridhaa ana ripita nyingine asiyoidhania. Kituo cha kimataifa cha anga, kinachozunguka dunia zaidi ya kilomita 400 juu, hubeba ripita ya ridhaa inayosikiliza kwenye MHz 145.990 kwa toni ya Hz 67 na kusema kwenye MHz 437.800. Kikipita juu ya Pemba husikika kwa dakika kumi hivi. Kwa sababu ya mwendo wake mkali, masafa yake huonekana kupanda kinapokuja na kushuka kinapokwenda, kwa hiyo msikilizaji huanza kHz 10 juu na kumaliza kHz 10 chini. Kwa wanafunzi wa fizikia wa sekondari, dakika kumi hizo zinafundisha kuliko ubao.

Kikundi kinachotaka ripita yake, iwe ya afya, uokoaji au ushirika wa wavuvi, huanza kwa kuomba TCRA jozi ya masafa na ruhusa ya mahali. Mtambo wenyewe ni redio mbili, chujio la makopo ya chuma linaloziwezesha kutumia antena moja bila kuzibana masikio, antena, waya na betri. Waya ndio unaodharauliwa zaidi. Waya mwembamba wa RG-58 wenye urefu wa mita 15 hula karibu nusu ya nguvu kwenye masafa haya; mnene wa RG-213 hula kama robo. Kupandisha mlingoti kwa jasho kisha kuufunga waya mwembamba ni kutupa nusu ya kazi. Kuhusu umeme, mtambo wa wati 40 huvuta ampea 10 hivi unaposema na nusu ampea unaposikiliza. Ukisema saa mbili kwa siku, hizo ni ampea-saa 20, na saa 22 za kusikiliza ni 11, jumla 31. Betri ya ampea-saa 100 inayotumiwa hadi nusu tu, ili isife mapema, huubeba siku moja na nusu bila jua. Masika ya Pemba huwa na siku za mawingu zaidi ya hizo, hivyo betri mbili ndizo za busara, na waya wa kushusha radi ardhini usisahauliwe.

Mfano wa karibu wa redio kuokoa watu upo Uganda. Mwaka 1996, katika wilaya ya Iganga, mradi wa RESCUER uliosaidiwa na UNFPA uliwapa wakunga wa jadi redio za VHF za mkononi, vituo vya afya vikawekewa redio za mezani, na magari ya wagonjwa yakawekewa zake. Mkunga aliyeona uzazi unakwenda vibaya aliita, akashauriwa, na gari likatumwa. Zama za simu za mkononi zimebadilisha mengi tangu hapo, lakini mjamzito aliyeko Kojani usiku, anayehitaji chombo hadi ng'ambo na gari la kumpokea kuelekea hospitali ya Wete au Chake Chake, bado anahitaji watu watatu wasikie kwa pamoja. Redio hufanya hivyo kwa wito mmoja.

Yote haya hayafai kitu kama hakuna anayesikiliza. Kundi la wavuvi wanaokwenda dago (kambi ya uvuvi) lenye redio nne zilizozimwa halina redio. Linalofaa ni kupanga saa: kwa mfano saa kumi na mbili jioni kila chombo kinafungua, msimamizi aliye pwani anaita majina kwa mpango wa daftari, kila nahodha anajibu mahali alipo na hali yake, kisha wanafunga. Asiyejibu huitwa mara tatu, majirani zake huulizwa, na akikosekana kabisa taarifa huenda kwa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, mapema, kabla usiku haujaingia. Daftari hilo hutunzwa na mtu mmoja anayeaminika. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayookoa.

Baharini, chaneli 16, yaani MHz 156.800, ni ya kuitana na ya dharura tu. Waliopatana huhamia chaneli nyingine, kama 6, 8, 72 au 77, na kuiacha 16 wazi. Redio ya mkononi haifiki kituo cha uratibu wa uokoaji kilichopo Dar es Salaam. Wasikilizaji wa kweli ni vyombo vilivyo karibu na meli za abiria zinazoelekea Mkoani, na hao hupeleka wito mbele kwa redio zao kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu zaidi ya 200 walifariki. Maji haya hayahitaji kuelezwa ukali wake kwa Mpemba. Wito wa hatari husemwa hivi, polepole:

“Mayday, Mayday, Mayday. Hapa mashua Tawakali, Tawakali, Tawakali. Mayday, mashua Tawakali. Tupo maili mbili magharibi ya Misali. Maji yanaingia, injini imezima. Tunaomba msaada wa haraka. Tupo watu saba. Mashua ya buluu, tanga jeupe. Ova.”

Mahali hutangulia maelezo mengine, kwa sababu redio ikizima baada ya sentensi hiyo, waokoaji tayari wanajua pa kwenda. Anayesikia huandika, husubiri kidogo kama kuna aliye karibu zaidi atakayejibu, na pasipo jibu hujibu yeye na kuupeleka wito mbele. Kwa shida isiyotishia maisha, kama injini kuzima bahari ikiwa shwari, hutumika maneno “Pan-Pan” mara tatu badala ya Mayday. Wito wa uongo ni kosa la jinai na humtoa mwokoaji kwa mtu anayekufa kweli.

Chumvi ndiyo adui wa redio Pemba. Baada ya kila safari redio ya kuzuia maji huoshwa kwa maji baridi, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha hukaushwa kivulini. Ncha za betri hufutwa kwa kitambaa kikavu. Zikianza kuota ukijani husuguliwa kwa kifutio cha penseli. Redio haibonyezwi kamwe bila antena, kwani nguvu isiyo na pa kutokea huunguza mtambo wa ndani. Betri isiyotumika miezi mingi huwekwa ikiwa na nusu ya chaji, mbali na joto. Na kabla chombo hakijaachia nanga, nahodha humwita mwenzake wa pwani kwenye chaneli ya kazi, si chaneli 16, asikie jibu kwa masikio yake. Bila jibu, redio hurudi kwa fundi na safari husubiri.